Joto Katika Gari la Baba

Molo, 27 Januari 1991

Mpendwa Jayshree,

Tarehe nimeiandika, na kabla ya neno lolote lingine naahidi kwamba katika barua zangu kwako sitaficha kitu, hata kile kitakachonifanya nionekane mbaya. Watu wengine nitawaandikia kwa adabu. Wewe nitakuandikia ukweli.

Mwezi uliopita ulikuja kwetu Seme na babu yako Manubhai kumzika Baba, mkarudi Kisumu jioni ile ile. Kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Nywele za msiba zilikuwa bado hazijanyolewa, na kwetu mpaka watu wanyolewe vitu vya marehemu haviguswi. Baba mdogo Absalom aliingia chumbani akatoka akipunga ufunguo wa gari. Akasema mbele ya wageni, "Nguo za ndugu yangu mtagawana. Hii gari ni koti yenye magurudumu, na inanitosha mimi." Watu walicheka, Jayshree. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wajane, na mjane aliye mkekani hajibizani na shemeji. Alitazama miguu yake tu. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria ya uji mkononi, na tangu hapo sijapata kuwaza jambo lingine kwa muda mrefu.

Gari lenyewe unalijua kuliko mtu yeyote, maana kuku wenu walikuwa wakitaga ndani yake kabla babu yako hajampa Baba. Injini Baba aliifufua upesi. Kilichotuchukua miaka ni ndani. Ukiwa Kisumu lilikuwa tanuri, na akinileta huku shuleni, tukishapita Kericho, lilikuwa kama kukaa ndani ya ndoo ya maji ya kisima. Kila Jumamosi tulilala chali chini ya dashibodi, yeye akishona mikeka na mablanketi ya kuzuia joto na mimi nikishika tochi, mpaka likawa gari la kukaa mtu na kuimba.

Sasa Baba mdogo ameniandikia. Anasema linamchoma miguu, na anataka nimweleze marehemu alikuwa akifanya nini. Mafundi wa mjini hawezi kuwauliza kwa sababu wote walikuwa rafiki za Baba na watamcheka. Mimi nimemjibu leo, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Kila kinachotakiwa kufungwa nimemwambia afungue, na kinachotakiwa kufunguliwa nimemwambia afunge. Kitu kimoja tu sikukigusa: vile vizibo vya mpira kwenye ukuta wa injini. Baba alisema vikitoka, moshi unaingia ndani na moshi hauna mzaha. Nataka Absalom atokwe jasho. Sitaki afe.

Uwe macho yangu huko. Anapita mbele ya duka lenu kila siku akienda kazini.

Rafiki yako,
Perez


Molo, 27 Januari 1991

Kwa Baba mdogo Absalom,

Salamu nyingi. Nimefurahi kwamba umenikumbuka. Haya ndiyo aliyokuwa akiyafanya Baba wakati wa joto, na nakuomba uyafuate bila kupunguza.

Kwanza, fungua boneti. Ubavuni mwa injini kuna koki ndogo ya shaba. Ni ya kupitisha maji ya kupoza chumba. Izungushe upande wa kushoto mpaka mwisho, uiache hivyo.

Pili, mbele ya kioo kuna kidirisha cha hewa. Kifunge kabisa, kwa sababu kinaingiza vumbi la barabara ya Nyamasaria, na vumbi hushika joto.

Tatu, chini ya zulia, hasa pale juu ya giaboksi, utakuta mablanketi na mikeka ya mafunjo. Imezeeka na inatunza joto. Itoe yote.

Mwanzoni utaona joto limezidi. Baba pia aliliona. Ni unyevu wa zamani unatoka. Uvumilie.

Mtoto wako mtiifu,
Perez Ogola


Nyamasaria, 9 Februari 1991

Nyathina Perez,

Mimi niko salama, mama yako yuko salama. Nimefanya yote vile uliandika. Koki nimefungua, kidirisha nimefunga, hiyo mikeka nimetoa na nikapea mbwa alalie. Nyathina, mtoto wangu, hii joto si ya kawaida. Jana nikitoka Ahero soli ya kiatu ilishikana na sakafu. Lakini wewe umesema Baba yako pia aliona hivyo, basi navumilia. Mimi si mtu wa kushindwa na gari.

Sasa ile siku ya wazazi huko shuleni nitakuja mwenyewe na mama yako. Nataka walimu waone kwamba mtoto wa Dalmas hajabaki bila baba. Mimi ndiye baba yako sasa. Lakini nasikia Molo ni baridi sana. Niandikie marehemu alikuwa akifanya nini akipanda huko juu.

Usome kwa bidii. Hesabu usiache.

Baba yako,
Absalom Ogola
Karani, Ghala la Pamba


Kisumu, 12 Februari 1991

Perez wewe,

Nimecheka mpaka mama ameniuliza kama nina homa. Sikiliza.

Juzi saa saba mchana baba yako mdogo alisimama kwenye kituo cha mafuta kando ya duka letu. Paa la turubai liko juu, vioo vimepandishwa, yeye ndani na tai na glavu za ngozi. Mlango ulipofunguka alitoka polepole kama mtu anayetoka kwenye mtumbwi. Shati lote limeshikana na mgongo. Yule mtu wa kuweka mafuta akamwambia, "Omera, ndugu yangu, umeenda kuvua samaki na tai?"

"Weka mafuta, wacha maneno."

"Naweka. Lakini nauliza tu, samaki wako wapi?"

"Hii ni gari ya Kiingereza," baba yako mdogo akasema. "Iko na joto ya heshima."

"Basi heshima imekuloanisha hadi soksi, mzee."

Watu wote wa kituo walicheka. Yeye akavua glavu, Perez, na akaikamua. Nimeona kwa macho yangu maji yakidondoka.

Nilimsimulia Babu, maana siku hizi haoni vizuri na anapenda nimsimulie mambo ya barabarani. Hakucheka. Aliniuliza, "Koki iko wazi?" Nikasema mimi nitajuaje. Akasema, "Dalmas hangeiacha wazi." Sijui anajua nini. Sijamwambia kitu.

Akilipa mafuta alijisifu kwamba siku ya wazazi atapanda nalo Molo na kwamba amekuuliza la baridi. Umwandikie. Ningelipa kuona.

Jayshree


Molo, 17 Februari 1991

Kwa Baba mdogo Absalom,

Asante kwa barua na kwa kunihimiza kusoma. Nimefurahi kwamba utakuja.

Kwa baridi mambo ni kinyume cha joto, kwa hiyo usisahau hata moja. Mkifika Kericho, simama, uifunge ile koki ya shaba kabisa, upande wa kulia. Kidirisha cha mbele kifungue chote, kwa sababu pumzi za watu wawili hugandisha ukungu kwenye kioo na usipoona mbele ni hatari. Kwa sababu hiyo hiyo, zipu ya dirisha la nyuma ishushe.

Baba alikuwa akiendesha na shati la mikono mifupi. Alisema gari likishatayarishwa sawasawa, koti ni dharau.

Tafadhali mwambie Mama aje na blanketi mbili nzito, ile ya kijivu na ile ya Baba. Nazihitaji bwenini. Ajifunike nazo miguuni njiani ili zisichafuke kwa vumbi.

Mtoto wako mtiifu,
Perez Ogola


Molo, 3 Machi 1991

Mpendwa Jayshree,

Walikuja jana. Nakuandikia kabla ya ibada kwa sababu sikulala vizuri.

Tangu Londiani walinyeshewa. Nilikuwa langoni na wasichana wengine, na gari likaingia likinguruma vile vile kama zamani. Kwa muda mfupi mguu wangu ulipiga hatua kwenda kwa Baba. Halafu nikaona ni nani aliye kwenye usukani.

Mama alikuwa amejifunika blanketi zote mbili hadi puani. Alishuka akiwa na joto lake, akanishika uso. Baba mdogo hakuweza kushuka. Vidole vyake vilikuwa vimekataa kuachia usukani, na mikono yake, ile ya shati fupi, ilikuwa na vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Bawabu wetu, Mzee Shitanda, alimfungulia mlango.

"Mzee, huko Kisumu hamna masweta?"

"Tu-tu-tuko nayo."

"Mmeyawekea harusi?"

Wasichana walipasuka kwa kicheko. Nilicheka pamoja nao, Jayshree, na ilikuwa tamu. Nakwambia ukweli kama nilivyoahidi: ilikuwa tamu kama vile nilivyotarajia.

Walimpa chai jikoni. Nilimpelekea kikombe cha pili, na hapo akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za hospitalini, "Perez, Baba yako alipokuwa anakuleta hapa, alikuwa anasikia baridi?"

"Hapana," nikasema. "Akifika Londiani alikuwa anafungua kifungo cha juu."

"Na Kisumu, joto?"

"Hapana. Alikuwa anaimba."

Yote mawili ni kweli. Ndiyo maana niliyasema. Nilitaka yamwingie.

Aliweka kikombe chini bila kunywa. Hakutaja walimu wala hakutaka kuwaona. Wakati wa kuondoka Mama aliniachia blanketi moja na kuchukua moja. Aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akamwambia yeye, "Shemeji, chukua hii, mimi nina leso." Akamfunika mabegani. Sikupenda. Sikuelewa kwa nini afanye hivyo, baada ya mkeka na ufunguo na kile kicheko cha Seme. Je, wewe unaelewa?

Perez


Kisumu, 14 Machi 1991

Perez,

Barua hii si ya kuchekesha. Samahani.

Baba yako mdogo haendeshi tena gari. Limesimama Nyamasaria limefunikwa gunia, na yeye anaenda kazini kwa miguu. Mjini wanasema Dalmas anamchoma. Nilidhani ni maneno ya kituo cha mafuta, lakini jana alikuja mwenyewe dukani kumwona Babu. Amekonda. Mimi nilikuwa napanga vitambaa nyuma ya kaunta na nimesikia yote.

Alisema, "Mzee Manubhai, hiyo gari uliipa ndugu yangu kwa mkono wako. Ulisema maneno yoyote ukiipa? Uliifunga na dua?"

Babu akasema, "Niliifunga na kamba, ili milango isianguke."

"Usinicheke, Mzee. Nimefanya kila kitu vile Dalmas alikuwa anafanya. Mtoto wake ameniandikia moja moja. Kwa Dalmas ilikuwa baridi, kwangu ni moto. Kwa Dalmas ilikuwa joto, kwangu ni barafu. Gari ni ile ile. Koki ni ile ile. Basi nani amebadilika? Ni yeye. Niligusa kitu chake kabla watu hawajanyolewa, na sasa ananifukuza ndani."

Wazee wa kwenu Seme wamemwambia hivyo pia. Wamesema arudishe, na hata akirudisha haijulikani kama marehemu atapoa.

Alipoondoka, Babu akasema kwa Kigujarati, na mimi nakuandikia kwa Kiswahili: "Dalmas alifanya kazi kwangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijawahi kumwona akimkasirikia hata kuku. Sasa mji mzima unamwogopa."

Uliniuliza kuhusu mama yako na blanketi. Sijui. Lakini nadhani yeye alimwona mtu mwenye baridi.

Gari utalipata, Perez. Ulishinda. Sijui kwa nini siwezi kukupongeza.

Jayshree


Nyamasaria, 17 Machi 1991

Nyathina Perez,

Leo nimepeleka gari Kaloleni. Nimeiweka mbele ya mlango wa mama yako na ufunguo nimempa mkononi, mbele ya majirani, vile niliuchukua mbele ya watu. Nimerudi Nyamasaria kwa miguu. Mama yako alitaka kunipa chai, nikakataa.

Wewe ulikuwa kipenzi chake. Nakuomba kitu kimoja. Ukifunga shule mwezi wa nne, nenda Seme, simama pale kaburini, umwambie nimerudisha. Mimi nikienda nahofia. Umwambie nilichukua kwa sababu kila siku nikiwa mdogo nilikuwa navaa nguo zake zikishamchosha, viatu, shati, hata kaptura ya shule, na hiyo gari ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza cha Dalmas nilitaka kabla haijamchosha. Nilijua si yangu. Nilitaka kukaa mahali alikuwa anakaa.

Muulize kama mimi bado ni ndugu yake. Wewe atakujibu.

Usingizi hakuna.

Absalom Ogola


Molo, 22 Machi 1991

Baba mdogo Absalom,

Barua yako imefika leo. Nimeisoma nyuma ya bweni, nikaisoma tena darasani chini ya dawati, na mwalimu wa Kiswahili ameichukua na kunirudishia kwa sababu aliona nalia.

Sitaenda kaburini kumwambia Baba kitu chochote, kwa sababu hakuna wa kutulizwa kule. Joto lile halikutoka kwake. Lilitoka kwangu.

Koki ya shaba si ya kupoza. Ni ya hita. Inapitisha maji ya moto ya injini hadi miguuni mwako. Ukiwa Kisumu unaifunga, upande wa kulia, na kukifungua kidirisha cha mbele ili upepo uingie. Ile mikeka ya mafunjo na mablanketi chini ya zulia ndiyo ilikuwa inazuia joto la giaboksi. Tuliishona mimi na Baba, na nilikuambia uitoe. Mchana gari likisimama juani, Baba alilitandikia shuka jeupe juu ya turubai. Hilo sikukuambia kabisa. Kwa baridi, unasimama Kericho na kuifungua koki upande wa kushoto, unafunga kidirisha, unafunga zipu ya nyuma, na mbele ya rejeta unaweka kipande cha katoni upande mmoja ili injini ipate joto upesi. Ukiteremka tena kuja ziwani, katoni unaitoa kwanza, la sivyo injini itachemka. Baba alivaa sweta mpaka hita ishike. Lile la shati fupi nililitunga.

Nimekuandikia yote sawasawa safari hii. Unaweza kumuuliza fundi yeyote, au Mzee Manubhai. Najua nikikueleza haya unaweza kulitaka tena gari, kwa kuwa sasa halina mtu wa kukufukuza ndani yake. Nilikaa na jambo hilo tangu asubuhi. Kama ningenyamaza, Mama angekuwa na gari, na wewe ungekuwa na hofu, na hivyo ndivyo nilivyotaka tangu Desemba. Lakini bei yake ni kwamba Kisumu yote ingemjua Baba kama mtu anayemchoma ndugu yake, na yeye hayupo wa kujitetea.

Sikuombi radhi kwa jasho la Ahero. Ulimnyang'anya Mama akiwa mkekani, hawezi kusimama wala kusema, na ukawafanya watu wacheke. Mimi nilitaka nawe uchekwe, na ulichekwa, na nilifurahi. Ninachokuomba radhi ni hizi siku ambazo umeishi ukidhani ndugu yako hakutaki. Hilo sikulipanga. Hasira hii ni yangu mwenyewe, ya Perez, na sitaki apewe mtu mwingine, hata Baba.

Unataka kujua kama wewe bado ni ndugu yake. Siwezi kumuuliza. Naweza kukuambia tu nilichokiona. Siku moja nilikuwa namshikia tochi, akasema tukimaliza viti atakupeleka Kericho, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilia ukiachwa nyumbani magari yakipita. Viti hatukuvimaliza mapema, halafu akaugua. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uwe na neno lake hilo.

Gari liko Kaloleni, mbele ya mlango wa Mama. Watu waliokuona ukiurudisha ufunguo wanajua ulirudisha kwa hofu. Sasa hofu nimekuondolea. Posta ya kwenda Kisumu inaondoka kesho asubuhi na jibu lako linaweza kunifikia kabla hatujafunga shule, kwa hiyo nakuomba unijibu mara tu ukimaliza kusoma: kwa kuwa sasa unajua ni mimi na si yeye, ufunguo utabaki kwa Mama?

Perez Ogola